Kutoa ni Moyo, na Tena ni Daftari



Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hiyo tunaikubali. Hata hivyo, kwa mkristo mwenye biashara ndogo, moyo peke yake hautoshi. Mama auzaye unga sokoni, mshonaji mwenye cherehani moja, kikundi cha vijana kinachotengeneza sabuni: wote hao, wakitaka kumsaidia maskini kwa mapato ya jasho lao, wanahitaji moyo na daftari pamoja.

Hapa Bunia wahitaji hawatafutwi mbali. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vya Djugu vimezisukuma familia nyingi hadi mjini kwetu. Baadhi zilipata hifadhi katika kambi ya Kigonze, nyingine katika nyumba za ndugu ambao nao hawakuwa na kitu. Sikukuu zikikaribia, maduka hupeleka sabuni, ndoo na unga. Mara nyingi bango la duka hutangulia, na picha hupigwa. Hatumdharau atoaye hivyo, kwa maana mwenye njaa hashibi kwa mabishano yetu. Lakini unga huisha kwa siku chache, na picha huendelea kusafiri katika simu. Mtoto aliyemo ndani yake hakuulizwa kama anapenda kujulikana mjini kote kwa umaskini wake. Bwana wetu alituonya tusipige tarumbeta tunapotoa sadaka. Katika siku zetu, tarumbeta hiyo inakaa mfukoni.

Kumfadhili mtoto shuleni ni jambo zito zaidi. Tangu mwaka 2019 Serikali imeweka masomo ya bure katika shule za msingi za umma, zikiwemo shule za Kanisa zenye mapatano na Serikali. Minervali ya sekondari bado iko mabegani mwa wazazi: miaka 2 ya kumaliza elimu ya msingi, kisha miaka 4 mpaka Mtihani wa Serikali. Jumla ni miaka 6. Basi anayemwambia mtoto wa darasa la saba kwamba atamlipia masomo, ametamka neno la miaka 6. Akilipa mwaka mmoja kisha akanyamaza, mtoto atarudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Atakuwa amepoteza mwaka, na pamoja na mwaka atapoteza imani yake kwa wale waliomwahidi kwa jina la Kristo.

Ndiyo maana tunasema ahadi ipimwe kwanza. Yesu alitupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: huketi na kuhesabu gharama kabla ya kuweka msingi. Nayo Sheria ya Musa iliagiza kwamba mvunaji asivune pembe za shamba lake, bali awaachie maskini na wageni. Tuangalie hekima ya agizo hilo: sehemu ya maskini ilitengwa shamba likiwa bado limesimama. Haikungoja mwenye shamba ajaze ghala, kisha atazame kama kuna kilichobaki. Biashara nayo ina pembe zake, na mahali pa kuzichora ni katika daftari, kabla ya faida kuliwa.

Wengine watatujibu: mnatuambia tuahidi, nanyi mnajua barabara zetu! Leo njia ya Komanda au ya Mahagi inafunguka, kesho magari hayapiti, na bidhaa hupanda bei kwa usiku mmoja. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayotufanya tuikatae ahadi ya mtu mmoja peke yake. Tuchukue mfano. Duka likitenga faranga 500 kwa siku, siku 6 kwa juma, litapata faranga 3,000. Kwa majuma 40 ni faranga 120,000. Maduka matatu yakiungana ni 360,000, na moja likiyumba, mengine mawili hubeba mzigo. Watu wetu wamezoea likelemba; wanajua kuweka fedha pamoja na kuaminiana. Tena ni busara kutomwahidi mtoto lolote kabla fedha ya mwaka mzima haijawekwa. Malipo yaende moja kwa moja shuleni, na risiti ihifadhiwe.

Mawazo haya si mapya katika Kanisa. Mwaka 1991, huko São Paulo nchini Brazil, Chiara Lubich aliwaalika wenye biashara kugawa faida yao katika mafungu matatu: la maskini, la malezi ya watu katika roho ya kushirikiana, na la kukuza biashara yenyewe. Fungu hili la mwisho lisidharauliwe, kwani duka lililokufa halimsomeshi mtu.

Lakini haki hutangulia sadaka. Mwajiri anayemcheleweshea mshahara msaidizi wake wa dukani, kisha akagawa sabuni kambini, amegawa jasho la mwingine. Anayepunguza kipimo cha unga amekwisha kumwibia maskini yule yule anayetaka kumsaidia. Mwenye heri Floribert Bwana Chui wa Goma aliwahudumia watoto wa mitaani pamoja na jumuiya ya Sant'Egidio. Kazini mwake mpakani alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika, na kwa ajili hiyo aliuawa mwezi wa Julai 2007. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma. Kwake, kuwapenda watoto wa mitaani na kuikataa rushwa vilikuwa upendo mmoja.

Vijana wapendwa, vikundi vyenu vina nguvu kuliko mnavyodhani. Kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Septemba, kaeni na paroko na wazee wa jumuiya, chagueni mtoto mmoja tu, hesabuni miaka yake mpaka diploma, na mfungue ukurasa wake katika daftari la kikundi. Jina lake lisitoke katika ukurasa huo. Siku atakapofaulu, furaha ya kulitangaza iwe yake mwenyewe.