Kukataa Kazi Si Kukataa Riziki



Leo nataka tuzungumze sisi tunaoshona nyumbani, pamoja na nyinyi mnaotuletea kazi. Kila ukikaribia msimu wa harusi, Rajabu na Shaabani kabla ya kufunga, kisha Mfunguo Mosi baada ya Idi, vyumba vyetu vya kushonea hujaa. Mezani kuna mfarishi wa viraka haujatiwa bitana. Kwenye kiti kuna shuka ya kudarizi imefika nusu. Kwenye kikapu kuna kofia ya viua ya bwana harusi wa mtu. Mara hodi mlangoni, mtu kashika mfuko wa vitambaa: "Dada, nifanyie hisani, harusi wiki tatu zijazo." Na wengi wetu hujibu vile vile tulivyozoea: "Lete tu, in shaa Allah."

Mimi naona jibu hilo ndilo linalotutesa. Watu husema riziki haikataliwi, na ukimrudisha mteja umeifukuza baraka. Sikubaliani. Riziki anaigawa Mwenyezi Mungu, lakini tarehe ya kukabidhi kazi unaitoa wewe kwa mdomo wako, na utaulizwa. "In shaa Allah" ni neno la mtu aliyeazimia, halikuwekwa liwe kichaka cha kujifichia mtu anayejua moyoni kuwa haiwezekani.

Aliyefiwa na ratiba ni bibi harusi. Gauni likichelewa, ataazima. Lakini shuka na foronya za kitanda chake, zenye maua aliyoyachagua mwenyewe, hazina pa kuazimwa. Kitanda kitatandikwa za dukani, watu wataingia chumbani kuangalia, na yeye atanyamaza. Zako zitakuja wiki mbili baadaye, zimekunjwa vizuri, hazina tena kazi iliyokusudiwa.

Kazi mbili, saa mbili tofauti

Tatizo linaanzia kwenye hesabu. Mfarishi na darizi ya mkono tunazichanganya kwa sababu zote ni sindano na uzi, kumbe zinakula muda kwa njia tofauti kabisa.

Mfarishi ni kazi ya cherehani, meza na nafasi. Tabaka zake ni tatu: juu vipande vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana. Chukua kitanda cha sita kwa sita, yaani inchi 72 kila upande. Ukitaka uninginie inchi 12 kulia, kushoto na miguuni, unashona mfarishi wa inchi 96 kwa 84. Vipande vya inchi 6 vitakuwa 16 kwa upana na 14 kwa urefu, jumla 224, na kila kimoja ukikate inchi 6 na nusu ili kupata nafasi ya mshono. Maana yake ni mishono mifupi 210, kisha mishono mirefu 13 ya kuunganisha mistari. Hapo hujapiga bandi ya kushikiza tabaka tatu, hujapiga mishono ya kupita tabaka zote, hujatia pindo la kuzunguka. Na kabla ya yote, kitambaa cha pamba kifuliwe na kipigwe pasi. Kanga mpya hurudi ikifuliwa na nyingine huchuja rangi. Ukiiunganisha na nyeupe bila kuifua, mfuo wa kwanza wa bibi harusi utakutoa aibu.

Darizi ya mkono haihitaji nafasi. Inahitaji macho, mwanga na subira. Mimi nimejipima kwa saa ya ukutani: ua moja la mshono wa kujaza linanichukua dakika 40 hivi. Shuka yenye maua 30 na foronya mbili zenye maua 8 kila moja ni maua 46, sawa na saa 30 na dakika 40. Ongeza saa 10 za majani na vikonyo, tunakaribia saa 41. Mwanamke mwenye watoto na jiko hapati zaidi ya saa mbili na nusu kwa siku za mkono uliotulia. Kwa siku tano za wiki, shuka hiyo ni wiki tatu na siku mbili, na hapo hakuna mtoto aliyeumwa, hakuna msiba mtaani.

Sasa mtu akija na harusi ya wiki tatu, na kwenye fremu tayari kuna shuka ya mwingine, utamwambia nini? Hesabu imeshajibu. Kilichobaki ni kuisema kwa adabu.

Tatu zinatosha

Nimekuwa nikishona tangu nilipomaliza skuli na kusoma kozi ya ushoni, na utaratibu ninaoushikilia ni huu: kazi tatu kwa wakati mmoja, na ziwe za aina tofauti. Moja kubwa ya cherehani, ndiyo mfarishi. Moja kubwa ya mkono, ndiyo shuka ya kudarizi. Na moja ndogo ya kubeba, kama vitambaa vya meza au kofia. Ya nne husubiri kwenye karatasi ukutani, haiingii chumbani mpaka moja kati ya tatu itoke.

Kwa nini za aina tofauti? Kwa sababu siku yetu imekatwa vipande, na kila kipande kina kazi inayokifaa. Baada ya Alfajiri nyumba imetulia na kichwa ni safi, huo ni wakati wa darizi. Watoto wakenda skuli, meza ni yako, kata na uunge vipande vya mfarishi. Alasiri, ukiwa barazani na jirani au unasubiri mtoto chuoni, toa ile ndogo. Usiku sipendi kudarizi uzi wa rangi ya kiza, macho hayana spea. Wala sala haipotezi muda wa kazi kama baadhi wanavyolalamika. Ukiinuka mara tano mgongo unanyooka, na ukirudi unauona mshono uliokwenda upande.

Faida nyingine ni umeme. Sisi wa Unguja tulioshuhudia kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, tunajua cherehani ya umeme inavyogeuka pambo la chumba. Sindano ya mkono haikungoja waya. Mwenye kazi moja ya mkono karibu yake hakai bure umeme ukikatika.

Kila kazi na mfuko wake. Ndani weka kitambaa, nyuzi zake zote, na karatasi yenye jina, tarehe ya kukabidhi, kianzio kilicholipwa na mchoro uliokubaliwa. Nyuzi nunua zote siku moja, kwa sababu rangi ile ile ikija mzigo mwingine inaweza kupishana kidogo, na kwenye shuka nyeupe itaonekana. Ukisimamisha darizi kwa siku kadhaa, legeza fremu uitoe, isije ikaacha alama ya duara. Na usiache sindano kwenye kitambaa. Kwa unyevu wa kisiwa chetu, hasa masika, kutu inaingia haraka na haitoki. Vitambaa vilivyokunjwa muda mrefu vitoe vipate hewa, vinginevyo utakuta ukungu.

Kazi ya nyumbani si ya bure

Wapo wanaosema, "Si unakaa nyumbani tu?" Maneno hayo yanatoka kwa wakwe, mashoga, hata majirani. Kwa kuwa chumba cha kushonea kimepakana na jiko, watu wanaona kazi yetu ni mapumziko. Turudi kwenye ile shuka ya saa 41. Ukilipwa shilingi 60,000 za ufundi, saa moja haifiki shilingi 1,500. Ukiijua hesabu hiyo, hutaona haya kutaja bei. Na ukitaja bei ya haki, kazi tatu zitakutosha. Wengi tunaojaza kumi chumbani tunafanya hivyo kwa sababu kila moja tumeiuza rahisi mno.

Hisani ipo, nami sisemi tuiache. Bibi harusi yatima, au binti wa jirani asiye na uwezo, mshonee kwa ajili ya Allah, upate thawabu. Lakini ihesabu miongoni mwa tatu. Sadaka ya saa ulizokwisha kumuahidi mwingine si sadaka yako, umeitoa kwenye haki ya mtu.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 92, Mwenyezi Mungu anawafananisha wanaovunja viapo na mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Sisi tunaoishi na nyuzi tunaujua uchungu wa kufumua. Na Suratul-Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba. Hakuna kifungu kinachosema isipokuwa mikataba ya foronya.

Mwaka juzi alinijia mama mmoja siku 18 kabla ya harusi ya binti yake, anataka mfarishi na shuka ya kudarizi. Nilimwambia, "Mama, shikamoo. Naweza kukufanyia foronya mbili tu, nazo zitakuwa nzuri. Nikikuchukulia zote nitakudanganya." Aliondoka amenuna, na foronya hakuzitaka. Niliumia, maana siku ile nilihitaji pesa. Baadaye alirudi kwa ajili ya mdogo wake bibi harusi, miezi minne kabla, akaweka kianzio mwenyewe bila kuombwa. Akasema, "Wewe neno lako nimelijua." Sisemi kila anayekataliwa atarudi. Wengine hawarudi. Lakini jina la fundi linajengwa zaidi na tarehe alizozitimiza kuliko na kazi alizozipokea.

Na wewe bibi harusi

Mwanangu, nawe una sehemu yako. Usimtafute fundi baada ya kadi kuchapwa. Posa ikishakubaliwa na siku ikakadiriwa, nenda. Kwa mfarishi na seti ya kudarizi mpe miezi mitatu, na Ramadhani usiihesabu, kwani usiku wa ibada na mchana wa futari hauna nafasi ya maua 46. Lipa kianzio ili fundi anunue nyuzi zote pamoja. Chagua mchoro mmoja ubaki nao. Kila ukituma picha mpya kwa simu usiku wa manane, kuna mtu anafumua.

Kama muda umekuwa mfupi, omba kidogo kizuri. Foronya mbili za mkono juu ya shuka ya kawaida zinapendeza kuliko seti nzima iliyokimbizwa, mishono imevutwa na kitambaa kimekunjamana. Mfarishi unaweza kuja baada ya fungate, wala si aibu. Na ikiwa una kanga za marehemu bibi yako unazotaka ziingie kwenye mfarishi, zilete mapema zaidi ya vyote. Kanga kuukuu inahitaji kukaguliwa pale ilipochakaa, na ni lazima tukae pamoja tuamue kama jina lake tulikate au tulibakize zima katikati na pindo lizunguke. Ukikata, umekata. Duka la Darajani halina nyingine ya kwake.

Usimuulize fundi kila siku "imefika wapi?" Kubalianeni siku mbili za kuangalia: moja mchoro ukishawekwa kwa kaboni, kabla uzi haujaingia, na moja katikati ya kazi. Hapo ukiwa na neno, sema. Kusema siku ya kukabidhi ni dhulma kwa pande zote mbili.

Dada zangu mafundi, wiki hii fanyeni jambo moja. Toeni kazi zote zilizo chumbani, zile za juu ya kabati na za chini ya kitanda pia, mzihesabu. Andikeni saa zilizobaki kwa kila moja, na tarehe iliyoahidiwa. Zile ambazo hesabu haikubali, mpigieni mwenyewe simu leo, bado ana muda wa kutafuta fundi mwingine. Neno zito la leo ni jepesi kuliko udhuru wa siku ya harusi.

Mwenyezi Mungu azibariki sindano zetu, atupe riziki ya halali yenye utulivu, na awajaalie mabibi harusi wetu nyumba za mapenzi na huruma. Amin.