Plastiki Haituondolei Wajibu wa Kufua



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni ukungu unaoota kwenye mikeka na sufra za plastiki tunazotandika majumbani na madrasani. Wauzaji wa sokoni hapa Bujumbura huzinadi kwa kusema haziozi na hazishiki ukungu. Kwa maneno hayo, kamati za madrasa zimeiacha mikeka ya ukindu na mafunjo, na watu wa kheri wakitaka kutoa sadaka hununua ya plastiki. Maoni yangu ni kwamba maneno hayo yana ukweli nusu, na nusu ya pili inawaumiza watoto wetu vifuani.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Ukungu ni kiumbe hai, nao unahitaji unyevu, hewa, joto la kiasi na chakula. Ukindu, mafunjo na pamba vimetokana na mimea, kwa hiyo ni chakula chake. Plastiki ya mikeka ya kusuka si chakula chake. Wataalamu wana kipimo kinachoitwa ASTM G21. Kipande cha plastiki huwekwa mahali pasipo na chakula kingine chochote cha ukungu, hunyunyiziwa mbegu za ukungu, kisha huachwa siku 28 katika joto na unyevu. Baada ya hapo hupewa alama, kuanzia 0 kama hakuna kilichoota hadi 4 kama umetapakaa. Basi muuzaji akikwambia plastiki yake ni sugu, huenda anasema kweli.

Lakini tuzingatie, ndugu zangu, kwamba kipimo hicho huipima plastiki tupu. Je, sufra ya nyumbani kwako ni tupu? Ina mafuta ya sambusa, punje za wali, uji uliomwagika na mikono ya watoto. Mkeka wa madrasa una vumbi na jasho la miguu. Ukungu hauli mkeka, unakula tulichouachia juu ya mkeka.

Tena plastiki hazifanani. Ile laini ya sufra na vitambaa vya mezani, inayoitwa PVC, huchanganywa na vitu vya kuilainisha, na baadhi ya aina za ukungu huweza kuvila. Nyingine zimebandikwa kitambaa upande wa chini. Mama anafuta juu kwa tambara, sufra inang'aa, anaikunja na kuiweka kabatini, kumbe kile kitambaa cha chini kimeshanyonya maji. Igeuze sufra yako leo, utazame kama hakuna madoa meusi. Na mkeka uliotandikwa juu ya sakafu ya saruji miezi mitatu bila kuinuliwa hufungia unyevu chini yake. Kwa juu kila kitu ni kizuri, ila harufu ndiyo inayosema ukweli.

Sisi huku tuna msimu mrefu wa mvua, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofurika, maji yaliingia hadi ndani ya nyumba za watu, wa Gatumba wakiwa miongoni mwao. Kwa hiyo unyevu kwetu si jambo la kufikirika. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, likaeleza kuwa wanaoishi humo wako katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa na kifua na kuzidiwa na pumu. Sasa mfikirie mtoto anayesujudu, pua yake iko juu ya mkeka huo huo. Au yule mdogo anayelala juu yake wakati wenzake wanasoma juzuu.

Wapo watakaosema: "Ustadh, ukungu si najisi, na swala juu yake inasihi." Ni kweli, asili ya vitu ni tohara, na sikuja hapa kubatilisha swala ya mtu. Lakini kitu kuwa tohara hakumaanishi kuwa ni kisafi. Kamasi nazo ni tohara, na hakuna anayezitandika aswali juu yake. Dini yetu pia imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine.

Tukumbuke hadithi ya Anas bin Malik (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Bibi yake, Mulayka, alimwalika Mtume (S.A.W.) chakula. Baada ya kula, Mtume akataka awaswalishe. Anas akauendea mkeka wao uliokuwa umegeuka mweusi kwa kutumika muda mrefu, akaunyunyizia maji, ndipo Mtume akasimama juu yake. Hawakuwa na mkeka mpya, wala hawakuonea haya ule wa zamani. Walichofanya ni kuuhudumia kabla ya kuutumia. Sisi tunafanya kinyume: ukinuka tunautupa na kungoja mfadhili alete mwingine.

Atakayesema hatuna pesa, namjibu kuwa jua ni bure. Ninapendekeza haya:

1. Kila wiki mikeka ya madrasa itolewe nje, ikung'utwe, itundikwe kwenye kamba, na sakafu iachwe ikauke kabla ya kutandika tena.

2. Mkeka ukilowa ukaushwe siku hiyo hiyo, na isipite siku mbili, kwa sababu muda huo unatosha ukungu kuanza.

3. Wenye madoa usuguliwe kwa brashi, maji na sabuni, nje ya nyumba, na anayesugua afunge kitambaa puani. Mtoto mwenye pumu asipewe kazi hii. Ukitumia javeli, usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya usafi, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

4. Sufra ioshwe pande zote mbili na isikunjwe ikiwa mbichi. Yenye kitambaa kilichooza chini, heri uiache.

Na kwenu watoaji wa sadaka, Allah awalipe kheri. Mkileta mikeka kumi, leteni na kamba, brashi na sabuni. Aliyetoa mkeka anatarajia thawabu kila mtoto anaposoma juu yake, basi tusimkatie njia kwa uvivu wetu. Wazazi nao wasiseme kazi hiyo ni ya ustadh peke yake. Kijana anayejifunza mlango wa tohara kitabuni na aufuate hadi kwenye mkeka anaoukalia.

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaojitakasa. Wabillahi tawfiq.