"Tutaelewana" siyo bei

Vijana wenzangu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo nataka tuongee pesa. Najua wengi wetu tumelelewa kuona kutaja pesa mbele ya mgeni ni kukosa adabu. Ndiyo maana mtu anashinda njaa akiwa na lugha tano kichwani.

Hapa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, wageni hawaishi. Wanafunzi wa chuo wanaoandika utafiti wao, waandishi wa habari, watu wanaokuja kukagua miradi. Wengi hawajui Kiswahili, sembuse Kinyarwanda, Kirundi, Kibembe au Kisomali. Wanahitaji kijana wa kuwatafsiria. Hawaendi kwenye kampuni, wanauliza rafiki wa rafiki, mwisho simu inalia kwako. Ukiuliza malipo, jibu ni lile lile: "Usijali ndugu, wewe njoo tu, tutaelewana."

Mimi nasema hivi: usipande boda kabla hujasikia namba.

Wengine wanasema "tutakupa posho." Sasa huku Uganda posho ni ugali! Rafiki yangu mmoja aliahidiwa posho na mgeni fulani, akatafsiri tangu asubuhi mpaka jua kuzama, akarudi na fulana na soda mbili. Tulimtania wiki nzima, afadhali wangempa posho kweli, angekula.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mgeni anakupa shilingi 30,000 kwa "mahojiano matatu tu." Kwake hiyo ni kazi ya saa tatu. Lakini wewe umetoka nyumbani saa moja asubuhi kwenda Juru, umengoja gari lao, umengoja mama wa kwanza arudi kutoka shamba, umerudi kwako saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa kumi. Toa boda 10,000 kwenda na kurudi, chakula 5,000, bando na simu za kutafuta watu 2,000. Inabaki 13,000, yaani shilingi 1,300 kwa saa. Na siku hiyo hukulima, hukufungua kibanda, hukunyoa mtu kichwa.

Hiyo ndiyo sehemu ya kuhesabika. Kuna ingine. Mkalimani hasemi "mama huyu anasema walimpiga." Anasema "walinipiga." Anasema "walimuua mume wangu mbele yangu." Unabeba maneno hayo kwa mdomo wako, kwa sauti yako, na pengine yanafanana na yale yaliyokutoa wewe mwenyewe Kivu. Mgeni jioni anarudi hotelini Mbarara. Wewe kesho unakutana na yule mama bombani, na majirani wanataka kujua alimwambia nini mzungu. Unanyamaza. Kunyamaza huko nako ni kazi, na itaendelea hata mgeni akishapanda ndege. Kwa hiyo mimi sitafsiri mahojiano mazito zaidi ya manne kwa siku, hata mtu aongeze pesa. La tano linatoka vibaya, unaanza kufupisha, na anayeumia ni yule mama ambaye maneno yake yameandikwa nusu.

Bei yangu ni shilingi 80,000 siku nzima, na 50,000 nusu siku. Mtu anauliza mbona nusu siku siyo 40,000. Kwa sababu ile nusu ingine siwezi kuiuza kwa mtu mwingine, imeshakatika. Boda na chakula ni juu ya mgeni. Akighairi usiku wa kuamkia kazi, analipa nusu. Theluthi moja naomba itangulie kwa simu. Sisemi kila mtu adai hivyo hivyo, anayejua lugha ambayo wenye kuitafsiri ni wachache ana haki ya kudai zaidi yangu.

Mgeni atasema ni nyingi. Sawa, kupatana ni kawaida, hata sokoni tunapatana. Lakini usishushe bei ukaacha kazi ilivyo. Punguza kazi. "Una 50,000? Basi tufanye asubuhi tu, watu wawili." Mwanafunzi anayelipa kutoka mfukoni kwake naweza kumpunguzia, na namwambia wazi kwamba nimempunguzia, ili asije akamwambia mwenzake kwamba bei ya Nakivale ndiyo hiyo. Mkishapatana, mwandikie ujumbe mfupi: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, kiasi, nani analipa boda. Akijibu "sawa," umemaliza. Siyo kwamba humwamini, ila watu wanasahau.

Kuna wanaoniambia, ukitaja bei watachukua mwingine. Ni kweli, watachukua. Mimi kazi zimenipita hivyo, zaidi ya mara moja. Lakini yule anayekubali soda leo anafanya soda iwe bei yetu sote kesho, na yeye mwenyewe atashindwa kupanda. Tunaofahamiana tukiulizana kwanza "wewe unadai ngapi?" tayari tumepunguza ule mchezo wa kutuzungusha.

Msinielewe vibaya kuhusu kujitolea. Mimi ni mjitoleaji kwenye kikundi cha vijana, sidai kitu. Jirani akitaka nimsindikize kituo cha afya nikamwelezee daktari, naenda bure, tena usiku. Huko nachagua mwenyewe. Mtu mwenye gari na dereva na bajeti kunichagulia nijitolee, hapo ndipo nakataa. Najua pia wenzetu walioko Nyarugusu kule Tanzania wanabanwa zaidi kwenye mambo ya kazi. Sisi huku, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa haki ya kufanya kazi ya kipato, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba mkimbizi haruhusiwi kulipwa.

Na ninyi wa mashirika, ombi langu ni dogo. Mnapoandika bajeti, mafuta ya gari yana mstari wake, hoteli ina mstari wake, hata maji ya chupa. Mkalimani mumtoe kwenye "mengineyo." Mpigieni simu kabla bajeti haijapitishwa, mumuulize bei yake, kama mnavyomuuliza mwenye hoteli. Na siku ya kazi mpeni dakika kumi kati ya mahojiano, atoke nje, anywe maji, akae peke yake kidogo.