Kurudi Juu Si Aibu



Katika tafakari ya wiki hii tunapenda kuitazama safari moja ya ndege ambayo haikufika. Ni habari ya zamani kidogo, lakini swali linalotokana nayo bado ni la leo: mtu akigundua kwamba hajui alipo, afanye nini kwanza?

Jioni ya tarehe 20 Desemba 1995, ndege ya shirika la American Airlines, safari namba 965, iliondoka Miami nchini Marekani kuelekea Cali nchini Kolombia. Ilikuwa ndege aina ya Boeing 757 yenye watu 163, wengi wao wakienda kula Noeli na jamaa zao. Iliondoka ikiwa imechelewa kwa saa mbili hivi. Mji wa Cali umo katika bonde refu lililobanwa na milima ya Andes kulia na kushoto. Usiku rubani haioni milima hiyo. Huongozwa na vipimo vilivyo mbele yake, na ramani, na minara ya redio iliyosimikwa ardhini. Muongoza ndege wa Cali naye hakuwa na rada ya kumwonyesha ndege ilipo. Alitegemea yale aliyoambiwa na marubani.

Walipokaribia, muongoza ndege aliwauliza kama wangependa kutua moja kwa moja kutoka kaskazini, badala ya kuupita uwanja na kugeuka ili kutua kutoka kusini, kama walivyokuwa wamejiandaa. Njia hiyo ingewapunguzia dakika kadhaa, nao wakaikubali. Sasa walikuwa juu mno kwa njia hiyo mpya. Wakainua mabamba yaliyo juu ya mabawa yanayosaidia ndege kushuka upesi na kupunguza mwendo, wakaanza kushuka huku wakiipekua ramani nyingine. Mnara wa Tulua, ambao walitakiwa kutoa taarifa wakiufikia, ulikuwa umekwisha kufutika katika njia iliyochorwa na kompyuta, kwa kuwa walikuwa wameiagiza kompyuta hiyo iende moja kwa moja Cali. Waliutafuta wasiupate. Wakaulizana wako wapi.

Hapo rubani mkuu akaamua kuuelekea mnara mwingine, uitwao Rozo. Katika ramani ya karatasi mnara huo ulitambulishwa kwa herufi R. Aliibonyeza herufi hiyo, kompyuta ikamletea orodha, naye akalichukua jina lililokuwa juu. Kumbe katika kompyuta herufi hiyo ilikuwa ya mnara uitwao Romeo, ulio karibu na Bogotá, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Ili kuupata mnara wa Rozo ilipasa kuandika jina zima. Utaratibu wa kazi yao ulitaka rubani mmoja athibitishe na mwenzake kabla ya kuibadili njia. Hilo halikufanyika.

Ndege ikatii amri iliyopewa. Ikageuka kushoto gizani, ikaelekea milimani kwa muda wa kama dakika moja. Marubani walipotambua, waligeuza kulia ili kurudi njiani. Lakini waliendelea kushuka, na kati yao na njia ulisimama mlima. Chombo cha tahadhari kilipolia, waliongeza nguvu zote za injini na kuinua pua ya ndege, ila yale mabamba ya mabawani yalibaki yameinuliwa. Sekunde chache baadaye ndege iligonga mlima, karibu na kilele. Watu 159 walipoteza maisha. Wanne tu walinusurika.

Wapendwa, habari hii ikisimuliwa, wengi husema kwamba watu 159 walikufa kwa sababu ya herufi moja. Sisi hatukubaliani na usemi huo. Herufi ile ilikuwa kosa, na kosa zito, lakini lilikuwa kosa linalorekebishika. Marubani wenyewe waliligundua wakiwa bado hewani, injini zote zikiwa nzima na mafuta yakiwamo. Kilichowaangamiza ni kwamba waliendelea kushuka huku wakiulizana wako wapi. Kama swali lile lingewafanya waache kushuka, wapande juu ya vilele vyote, ndipo waitafute njia wakiwa salama, kubonyeza herufi isiyo yake kungebaki jambo dogo la kuandikwa katika taarifa ya kazi.

Kwa nini basi hawakupanda? Hawakuwa watu wazembe. Rubani mkuu alikuwa na uzoefu wa miaka mingi, tena alikuwa amekwisha kufika Cali mara kadhaa. Tunadhani jibu limo katika mambo ambayo kila mmoja wetu anayafahamu: walikuwa wamechelewa, walikuwa karibu kufika, na njia ya mkato ilikuwa imetolewa kwa wema. Wahenga walituachia neno kwamba haraka haraka haina baraka, nasi hulirudia mpaka likapoteza makali yake. Haraka inayoua mara nyingi haina kelele. Huja kwa sauti ya upole, ikisema kwamba tumebakiza kidogo tu.

Lipo jambo jingine lisilopaswa kupita hivi hivi. Muongoza ndege aliwaeleza wachunguzi baadaye kwamba maombi ya marubani yalimshangaza, kwa kuwa hayakulingana na mahali alipodhani wapo. Lakini Kiingereza chake kilitosha kwa maneno ya kawaida ya kazi tu, hakikutosha kwa kuhoji. Hatumlaumu. Tunasema tu kwamba mashaka yalikuwapo ardhini na angani pia, na kila upande ulibaki na mashaka yake.

Wako watakaosema kwamba lawama ni ya mashine. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2000 baraza la wazee wa mahakama huko Marekani liligawa wajibu wa ajali hiyo: asilimia 75 kwa shirika la ndege, asilimia 17 kwa kampuni ya Jeppesen iliyotayarisha data za njia, na asilimia 8 kwa Honeywell iliyotengeneza kompyuta. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kuzitaka ndege za abiria ziwe na chombo kipya chenye ramani ya milima, chenye uwezo wa kuonya mapema zaidi. Hayo ni mema, na yameokoa wengi. Hata hivyo, chombo hakimpi mtu moyo wa kuiacha njia aliyokwisha kuianza. Moyo huo hujengwa na watu wanaomzunguka.

Na hapa ndipo sisi abiria tunapoingia. Rubani akipanda tena juu badala ya kutua, ndani ya ndege husikika manung'uniko. Dereva wa basi akisimama kwa sababu ya ukungu, tunamwita mwoga. Fundi akisema nyumba hii ibomolewe hapa tuanze upya, tunahesabu mifuko ya saruji iliyopotea kabla ya kumshukuru. Kijana akiahirisha ndoa kwa kuwa ameona jambo lisilo sawa, wazazi huuliza kadi zilizokwisha kugawiwa zitakuwaje. Kwa namna hiyo tunaifanya gharama ya kurudi ionekane kubwa kuliko gharama ya kugonga mlima. Kisha maafa yakitokea, tunamtafuta aliyebonyeza herufi.

Tunaona, kwa hiyo, kwamba wajibu wetu ni huu: kumheshimu hadharani mtu anayesema, "Sijui tulipo, ngoja kwanza tupande." Mkuu wa kazi amsifu. Abiria amshukuru, hata kama amechelewa harusi. Na mdogo anayemwona mkubwa wake akikosea apewe ruhusa ya kusema waziwazi, kabla jambo halijatekelezwa, bila kuogopa kuambiwa hana adabu.

Kuchelewa kuna hasara yake, wala hatuidharau. Ni hasara inayolipika.