Je, Kula Nyama ni Dhambi?

Siku hizi wako watu, hasa katika nchi za Ulaya na Marekani, wasiokula nyama, wala samaki, wala mayai, wala maziwa. Wanasema: Mnyama anaumia kama sisi, kumchinja ni kumdhulumu. Vijana wetu waliofika Goma na Bukavu wamesikia maneno hayo, nao wanauliza: Je, kula nyama ni dhambi? Na huku Itebero wengine wanacheka na kujibu: Mungu alituumbia wanyama wote, basi tule tu! Sisi twasema, wote wawili wamekosa njia.

Kula nyama si dhambi. Baada ya gharika Mungu alimruhusu Nuhu na wanawe kula nyama. Bwana wetu Yesu Kristo alikula Pasaka pamoja na mitume wake, na baada ya kufufuka alikula samaki mbele yao. Tena Mtakatifu Paulo aliwaonya Warumi kwamba mwenye kula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu mwenye kula. Basi, mtu akiacha nyama kwa kuwahurumia wanyama, tusimcheke. Lakini naye asimwambie mama maskini, mwenye mtoto aliyevimba miguu kwa utapiamlo, kwamba yai moja ni dhambi.

Je, kila nyama basi ni halali? La, hasha! Katekisimu ya Kanisa yafundisha kwamba twaweza kutumia wanyama kwa chakula, lakini kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe.

Sasa tuutazame msitu wetu. Mtego wa waya hauchagui. Umetegwa kwa ajili ya paa, lakini sokwe na gorila nao hunaswa, wakapoteza kidole au mkono mzima. Mtegaji akikawia siku kadhaa, mnyama anaoza pale pale. Nani amekula nyama hiyo? Hakuna, ila funza. Je, hiyo si kuua bure?

Tena gorila huyu wetu hapatikani porini popote duniani ila mashariki ya Kongo. Wataalamu wa Japani na wa Kongo walichunguza chakula chake katika msitu wa Itebero: ni majani, matunda na chungu. Jike huzaa mtoto mmoja, na kwa kawaida hupita miaka minne au zaidi kabla ya kuzaa mwingine. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipopanda, watu wengi waliingia msituni, hata ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Hawakuwa na mashamba. Wakala wanyama wa pori. Zamani, kabla ya vita vya mwaka 1996, gorila hao walikisiwa kuwa kama 17,000. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilisema wamebaki 3,800 hivi. Nyingine ya mwaka 2021 ilisema 6,800. Hata tukishika ile kubwa, zaidi ya nusu wametoweka.

Wako watakaosema: Wazungu wanampenda gorila kuliko mtu! Twajua uchungu wa neno hilo. Watwa waliondolewa kwa nguvu Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970, na hiyo ilikuwa dhuluma. Lakini dhuluma haiponywi kwa waya. Nyama ya pori mara nyingi huuzwa migodini na mijini. Msitu ukiisha wanyama, mwenye mgodi atahamia kwingine, nasi tutabaki hapa na watoto wetu.

Wengine watasema: Tutafugaje, na wenye bunduki watatunyang'anya? Kweli, ndugu zetu wa Masisi walinyang'anywa ng'ombe wengi katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Lakini simbilisi hufugwa jikoni, hula majani na maganda, huzaa mara kadhaa kwa mwaka, na siku ya kukimbia mama huwabeba kikapuni. Wako pia kuku na samaki wa bwawa. Na tusidharau maharagwe, karanga na sombe: hivyo navyo ni chakula cha watu wenye akili.

Ndugu, Ijumaa za Kwaresima sisi Wakatoliki tunaacha nyama. Je, kwa kuwa ni najisi? Hapana. Tunaiacha kwa ajili ya Bwana, na kwa kuiacha tumeonyesha kwamba tumbo si mkubwa wetu. Basi, mtu anayeweza kuacha nyama ya mbuzi siku ya Ijumaa, atashindwaje kuacha nyama ya gorila siku zote? Tuondoe mitego yetu kabla Kwaresima haijafika.