Shangingi, basi au ndege: nani anakula mafuta zaidi?

Mkutano mkubwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukifanyika Arusha, maegesho ndiyo hujaa kwanza. Namba za GK kutoka Kenya, UG kutoka Uganda na STK za wenyeji hupangana kivulini, na nyingi kati ya hizo ziko kwenye yale magari makubwa ambayo Watanzania huyaita mashangingi. Wajumbe wengine hutua Uwanja wa Kilimanjaro na kuchukuliwa kwa gari hadi mjini. Muulize mlipa kodi wa kawaida ni yupi kati yao aliyechoma mafuta mengi, naye atamnyooshea kidole aliyekuja kwa ndege. Ndege ni kubwa, ina kelele, na tenki lake hujazwa kwa maelfu ya lita. Hata hivyo, ukikaa na karatasi na kalamu, utakuta kwamba mara nyingi aliyekula mafuta mengi ni yule aliyekuja peke yake kwa barabara, ameketi kiti cha nyuma, na dereva yuko mbele.

Hesabu hii ina maana kwetu kuliko kwa wengi. Petroli, dizeli na mafuta ya ndege yanayotumika Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi huagizwa kutoka nje. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Mwaka 2023, dola zilipoadimika, Kenya ililazimika kuingia mkataba na kampuni za mafuta za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu ili iuziwe kwa mkopo. Kwa hiyo kila lita inayochomwa kati ya Namanga na Nairobi, iwe barabarani au angani, ni dola iliyotoka.

Tuchukue njia moja tunayoifahamu, Nairobi hadi Dar es Salaam. Kwa barabara, kupitia Namanga, Arusha na Chalinze, ni karibu kilomita 900. Ndege haizunguki, inakata moja kwa moja, kilomita 670 hivi. Wengi wanaolinganisha ndege na gari hukosea hapa. Huuliza lita ngapi kwa kilomita, kana kwamba vyombo vyote viwili vinapita njia moja. Msafiri hanunui kilomita. Anataka kufika, na swali la kuuliza ni lita ngapi hadi mlangoni.

Ndege ya abiria aina ya Embraer 190, yenye viti 96 kama zile za Kenya Airways, hutumia takriban tani 2.3 za mafuta katika safari ya urefu huo. Ni lita 2,900 hivi. Zigawe kwa viti vyote na kila kiti kinabeba lita 30. Namba hii ni ya makadirio, maana upepo, uzito wa mizigo na foleni ya kutua huibadilisha, lakini haiko mbali na ukweli. Sasa chukua gari dogo lililotumika, la injini ya lita 1.8, ambalo kwenye barabara kuu linakwenda kilomita 12 kwa lita. Litahitaji lita 75 kufika Dar. Shangingi la injini ya V8, kwa kilomita 7 kwa lita, litahitaji karibu lita 130.

Mtu mmoja ndani ya gari dogo, basi, ametumia zaidi ya mara mbili ya kiti cha ndege. Mkubwa aliye kwenye shangingi ametumia zaidi ya mara nne. Msiniambie kwamba shangingi lilikuwa na watu wawili. Dereva hakuwa na safari yake Dar. Yumo garini kwa sababu mkubwa yumo.

Mambo hugeuka gari likijaa. Watu wanne kwenye gari dogo wanatumia lita 19 kila mmoja, na hapo ndege imeshindwa. Basi ndilo linalowaacha wote nyuma. Basi kubwa linalokwenda kilomita 3 kwa lita litachoma lita 300 kutoka Nairobi hadi Dar, na likiwa na abiria 45 kila mmoja amebeba lita zisizofika 7. Hakuna ndege ya abiria inayokaribia hapo, hata ile mpya kabisa iliyotoka kiwandani juzi. Mama anayekwenda kuchukua vitenge Kariakoo, amekaa na mzigo wake mapajani kwa saa 14 au zaidi, ndiye msafiri anayeigharimu Afrika Mashariki mafuta machache kuliko wote. Hakuna anayemwandikia barua ya shukrani.

Kwa nini basi linashinda kwa kiasi hicho? Sehemu ya jibu ni fizikia. Ndege inalazimika kujiinua hadi kilomita 10 juu na kwenda kilomita 800 kwa saa, na kupaa ndiko kunakokula sana. Katika safari fupi, muda wa kupaa ni sehemu kubwa ya safari nzima. Rubani anamaliza kupanda na muda si mrefu anaanza kushuka. Ndiyo maana ndege za pangaboi, kama ATR 72 na Dash 8-400 zinazotumika sana kwenye njia zetu fupi, hutumia mafuta kidogo kuliko jeti kwenye safari za chini ya saa moja. Hata hizo, kutoka Nairobi hadi Kilimanjaro, hutumia karibu lita 10 kwa kiti, wakati Coaster iliyojaa inayopita Namanga inatumia lita 2 au 3 kwa abiria.

Sehemu nyingine ya jibu haina fizikia yoyote. Basi letu haliondoki mpaka lijae. Abiria hulalamika, kondakta huendelea kupiga kelele stendi, lakini kwa upande wa mafuta uvivu huo wa kuondoka ndio ufanisi wenyewe. Ndege huondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, iwe imejaa au ina watu thelathini.

Hapa ndipo suala la mafuta linapogeuka kuwa la siasa. Kwa takwimu za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, mwaka 2024 mashirika ya Afrika yalijaza takriban robo tatu ya viti vyao, kiwango cha chini kuliko mabara yote, wakati wastani wa dunia ulikuwa zaidi ya asilimia 83. Rudi kwenye lita 30 zetu. Ndege ikiwa imejaa robo tatu, kila abiria anabeba lita 40. Ikiwa nusu tupu, anabeba 60, na amekaribia yule aliyeendesha gari dogo peke yake. Faida yote ambayo wahandisi wametafuta kwa miaka hupotea kwenye viti visivyokaliwa.

Na viti hivyo havibaki wazi kwa bahati mbaya. Hadi mwaka 1977 Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa na shirika moja, East African Airways. Sisemi lilikuwa la kubana mafuta. Ndege zake za VC10 zilibuniwa kwa viwanja vya joto na vya miinuko kama Nairobi, na nguvu hiyo ililipiwa kwa mafuta mengi. Lakini ratiba ilikuwa moja. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ikawa na bendera yake mkiani. Leo Kenya Airways, Air Tanzania, RwandAir na Uganda Airlines, iliyofufuliwa Agosti 2019, hugombea abiria wale wale kwenye njia kati ya miji yetu, mara nyingine kwa ndege mbili zinazoondoka kwa kupishana saa chache.

Ushindani ungeshusha nauli kama soko lingekuwa wazi. Haliko wazi. Azimio la Yamoussoukro la kufungua anga la Afrika ni la mwaka 1999, na soko moja la usafiri wa anga lilizinduliwa Addis Ababa Januari 2018. Miaka sita baadaye, Januari 2024, Tanzania ilitangaza kuzuia safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar kuanzia tarehe 22, kwa hoja kwamba Kenya ilikuwa imenyima Air Tanzania ruhusa ya kubeba mizigo kati ya Nairobi na nchi ya tatu. Mambo yalimalizwa kabla tarehe haijafika, lakini abiria alikwisha kuona jinsi tiketi yake inavyoning'inia. Mwaka 2020 ilikuwa zamu ya masharti ya corona, na Kenya Airways ilizuiwa kuingia Tanzania kwa wiki kadhaa.

Mtu wa Nairobi anayekwenda Entebbe bado anahesabiwa kuwa anakwenda ng'ambo. Kenya peke yake humtoza dola 50 za huduma ya abiria kwa safari ya kimataifa, wakati anayekwenda Mombasa hulipa shilingi 600. Majirani nao wana tozo zao za dola. Matokeo yake ni nauli inayomfukuza msafiri kwenye kiti ambacho kingeruka hata hivyo. Kiti hicho kitakwenda Entebbe kitupu, na yeye atawasha gari lake.

Kuna wanaosema dawa ni kutoza kodi mafuta ya ndege, kama yanavyotozwa ya gari. Wana hoja. Mkataba wa Chicago wa 1944 ulikataza kutoza mafuta yaliyomo kwenye tenki la ndege inayoingia kutoka nchi nyingine, na juu ya msingi huo desturi ya dunia ikawa kutotoza kabisa safari za kimataifa. Mwenye bodaboda Kisumu analipa tozo ya barabara ya shilingi 25 kwa kila lita ya petroli. Ndege inayokwenda Dubai hailipi kitu kama hicho. Si haki, na ningekuwa wa kwanza kuunga mkono marekebisho kwenye safari ndefu. Lakini kwa njia za ndani ya Jumuiya, kuongeza bei kabla ya kujaza viti ni kuanza kazi kwa kinyume.

Safari ndefu ndizo zinazonifanya nisimpe ndege ushindi. Ndege kubwa kama Boeing 787-8 ya Air Tanzania, yenye viti 262, hutumia chini ya lita 3 kwa kila kiti kwa kilomita 100. Ni bora kuliko gari lolote lenye mtu mmoja barabarani kwetu. Lakini Guangzhou iko zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Dar. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo anayekwenda na kurudi amechoma takriban lita 500. Kwa kiasi hicho angeendesha gari dogo kutoka Mbezi hadi Posta na kurudi, kila siku ya kazi, kwa karibu miezi mitano. Bila ndege, hakuna ambaye angefunga safari hiyo mara tatu kwa mwaka. Chombo kinaweza kuwa na ufanisi mkubwa na bado kikatufanya tutumie mafuta mengi zaidi, kwa sababu tu kinatufikisha mbali. Na moshi unaotoka juu huko, pamoja na mistari myeupe inayoachwa angani, huongeza joto la dunia kuliko lita zile zile zikichomwa chini.

Teknolojia nayo si mkombozi wa kutegemewa peke yake. Air Tanzania ilinunua Airbus A220-300, moja ya ndege ndogo zenye kubana mafuta kuliko nyingi duniani. Mwishoni mwa 2022 baadhi yake zililala chini kwa sababu ya hitilafu za injini hizo hizo mpya, tatizo lililoyakumba pia mashirika ya mabara mengine. Ndege iliyolala haichomi hata lita, lakini pia haibebi mtu.

Kilicho rahisi zaidi kiko chini, kwenye maegesho ya Arusha. Juni 2009 Uhuru Kenyatta, akiwa Waziri wa Fedha, alitangaza kwamba magari ya serikali yasizidi injini ya cc 1,800, na mawaziri wakaletewa Volkswagen Passat. Wapo waliozisifu hadharani huku wakichelewa kurudisha makubwa waliyokuwa nayo, na leo misafara ya viongozi haionyeshi dalili kwamba agizo hilo liliwahi kutolewa. Rwanda ilikwenda mbali zaidi. Katikati ya miaka ya 2000 ilipiga mnada magari mengi ya serikali na kuwakopesha maofisa wanunue yao, na mtu anayelipa petroli kutoka mfukoni hujifunza haraka kugawana kiti. Tanzania, kwa upande wake, tangu 2024 ina treni ya umeme kati ya Dar na Dodoma, na baadhi ya wale waliokuwa wakipita Morogoro kwa mashangingi sasa wameonekana wakikata tiketi pale stesheni.

Jumuiya yenyewe ingeweza kumtaka mjumbe aeleze alifikaje Arusha na alikuwa na wangapi garini.  Fomu ya kudai gharama za safari ikiuliza idadi ya abiria, karani wa mahesabu ataweza kuona kwa mstari mmoja kwamba wajumbe wanne wa Nairobi, kila mmoja na shangingi lake, walitumia zaidi ya lita 150 kwenda tu, na kwamba Coaster moja ingewachukua wote pamoja na wasaidizi wao kwa lita 45.