Hodi Hodi Yenye Kabila

KANDO YA KIVU
Na Claver Bahati

Mtafiti anayebisha hodi Gisenyi, Rwanda, akiwa na hojaji huonyesha kibali. Kabila lake halimo. Kabila liliingizwa kwenye vitambulisho na Wabelgiji miaka ya 1930, likafutwa baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, na sensa hailiulizi.

Mwenye nyumba hana haja ya karatasi. Anatega sikio. Kinyarwanda hiki kimekulia Kampala, Masisi au hapahapa? Akianza na Kiswahili, huenda ni mtu wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Salamu hazijaisha, mgeni ameshapewa kabila, na kila jibu litapita kwanza kwenye chujio hilo.

Si mambo ya Gisenyi pekee. Mwaka 1937, mjini Charleston, Marekani, bibi Susan Hamlin, aliyezaliwa utumwani, alihojiwa na watu wawili wa mradi mmoja wa serikali. Kwa Jessie Butler, Mzungu, ambaye bibi alidhani ametoka ofisi ya misaada, bwana wake wa zamani alikuwa mtu mwema. Kwa Augustus Ladson, mweusi mwenzake, zikamiminika habari za viboko na familia zilizotenganishwa. Bibi ni yuleyule!

Barani Afrika, Claire Adida na wenzake walichambua data za tafiti za maoni za Afrobarometer kutoka nchi 14. Mwaka 2016 waliripoti kwamba watu hujibu tofauti mhojaji anapokuwa wa kabila lao na anapokuwa wa kabila jingine, hasa swali likigusa ukabila.

Lee Ann Fujii, Mmarekani, alihoji wanavijiji na wafungwa nchini Rwanda mwaka 2004. Hakuwa Mhutu wala Mtutsi, lakini hilo halikumkinga na uvumi, ukwepaji na uongo. Hakuvitupa: mwaka 2010 aliandika kwamba navyo ni data.

Ripoti nyingi za utafiti hapa hazifiki alikofika Fujii. Huandika “mhojaji mzawa” na kupita, kana kwamba wazawa wote wametoka tumbo moja.

Safu hii haitaki kabila lirudi kwenye fomu. Sheria inaadhibu wanaogawanya watu, na kila familia inajua kwa nini. Lakini lugha iliyotumika, mahali mhojaji alikokulia na jina la aliyemtuma vinaandikika bila kuvunja sheria yoyote. Tena iongezwe kama mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, alikuwa ameketi pale mlangoni, akisikiliza.